Nimetubu mara nyingi, mbona moyo bado unanihukumu?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Mama yangu aliugua presha miaka mingi. Kaka zangu wawili, mmoja yuko Kampala na mwingine anaendesha lori la Juba, walikuwa wananitumia shilingi 200,000 kila mwezi za dawa na chakula chake, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Mwaka juzi biashara ilinikalia vibaya, nikaogopa kunyang'anywa kibanda. Miezi miwili mfululizo pesa ile nililipia deni la robota. Dawa sikununua. Mama alipouliza nilimwambia wamechelewa kutuma. Wiki ya saba alianguka jikoni kwake, kiharusi, hakuamka tena. Nimetubu mpaka nimechoka. Nimefunga, nimekesha. Nabii mmoja akasema ni roho ya mama inayonisumbua, nipeleke 300,000 aikate. Saa tisa usiku bado naamka. Kopo lake la dawa ninalo kwenye mkoba mpaka leo. Kama Mungu amenisamehe, mbona naungua? Na nitajisameheje?

JIBU: Amina, dada, na pole. Pole ya msiba, na pole ya kulibeba jambo hili peke yako mwaka wa pili sasa.

La nabii tulimalize upesi. Usimpelekee pesa hiyo. Mama yako hakusumbui. Kinachokuamsha saa tisa ni dhamiri yako, na dhamiri haikatwi kwa malipo. Tena hizo laki tatu zina wenyewe, tutafika huko.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona habari ya pesa, mara ya pili habari ya kifo. Mara ya tatu jicho likakwama kwenye sentensi moja fupi, uliyoiruka kama mtu anavyoruka dimbwi: "nilimwambia wamechelewa kutuma." Nikaiweka barua mezani. Nimekuwa kasisi wa hospitali miaka 18, na nimeona kwamba mtu mwenye mzigo huanza na lile kubwa linaloonekana na kila mtu. Linalomchoma hasa hulitaja ameshasimama kuondoka, mkono uko kwenye komeo la mlango.

Wewe ni mtu wa mitumba, unalijua robota. Likiwa limefungwa ni zito tu, hujui umenunua nini. Ukikata kamba ndipo unaanza kutenga, mashati huku, mapazia kule, matambara pembeni. Naona umekuwa ukimpelekea Mungu robota zima likiwa na kamba zake: "Nisamehe, nimemuua mama." Ukisema amina unainuka nalo lile lile. Hebu tulifungue.

Tuanze na kifo. Sitakudanganya ili nikufurahishe. Dawa za presha zikiachwa ghafla presha hupanda, na hatari ya kiharusi huongezeka. Wanaokuambia "siku yake ilikuwa imefika, usijilaumu" wana huruma, lakini hawajui habari ya kopo tupu, ndiyo maana maneno yao hayakuingii. Upande wa pili nao ni kweli vile vile. Nimeombea vitandani watu waliomeza kila kidonge kwa saa yake na kiharusi kikawapata. Nimezika mmoja ambaye mkewe alikuwa akiandika kwenye daftari kila dozi. Kwa hiyo kukosa dawa huenda kulichangia, huenda hata hivyo angeanguka. Wewe hujui, mimi sijui, na daktari ambaye hakuwepo jikoni siku ile naye hajui. Kila usiku unaketi hakimu kwenye kesi ambayo ushahidi wake haupo, na kila usiku unatoa hukumu ile ile.

Mtume Yohana aliandika maneno ambayo wengi huyasoma kama kitisho: "ikiwa mioyo yetu inatuhukumu, kwa maana Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote" (1 Yohana 3:20). Nami zamani niliyasoma hivyo, kama kwamba Mungu ni mpelelezi mwenye faili nene kuliko langu. Soma mistari inayotangulia, utaona anazungumza na watu anaotaka watulie mbele za Mungu. Yuko mmoja anayejua kilichotokea ndani ya mwili wa mama yako. Wewe huhitaji kukijua ndipo usamehewe. Basi badilisha sala yako, iseme kweli tu, isipungue wala isizidi: "Bwana, sikununua dawa. Niliona kopo limeisha nikapita. Yaliyotokana na hapo Wewe unayajua." Hilo ni ungamo. "Nimemuua mama" ni hukumu, na kiti cha hukumu si chako.

Utaniuliza, na mama mwenyewe? Nitamwomba nani radhi, naye yuko kaburini? Mfalme Daudi alikuwa hapo hapo. Alipoandika Zaburi ya 51, Uria, askari wake aliyemfanyia hila auawe vitani baada ya kumchukua mkewe, alikuwa ameshazikwa. Kuna mstari pale unaowakera watu wengi, na una haki ya kuwakera: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Peke yake vipi, na Uria je? Mimi siusomi kama kukwepa. Naona ni mtu aliyegundua kwamba mdai wake amekwenda asikofikika, na deni lote limehamia mikononi mwa Mungu, maana wafu ni wake. Ya mama yapeleke huko. Ukitaka kwenda kaburini ukakaa, ukalia, ukayasema kwa sauti, nenda. Sikuambii kwamba atakujibu. Nakuambia kwamba Mungu anayasikia maneno yakisemwa hapo kama anavyoyasikia kanisani, na mwili wako nao unahitaji mahali pa kuyasemea.

Sasa tumefika kwenye lile dimbwi. Uliposema "wamechelewa kutuma", mama yako alifariki akiamini wanawe wa kiume wamemsahau. Najua hukukusudia. Ulitaka tu kupitisha wiki moja, mbili, mpaka soko lifunguke. Lakini neno lile liliweka kosa lako juu ya watu wawili ambao kila mwezi walikuwa wanapanga foleni kwa wakala wa simu, huyu Kampala, yule Juba. Na mpaka leo hawajui. Walilia kwenye mazishi wakidhani mama alimeza dawa zao. Mmoja wao labda anakushukuru mpaka sasa kwa kumtunza. Nikikisia vibaya unisamehe, lakini nadhani kila akikushukuru ndipo saa tisa inakuwa ndefu.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa toba zako zote. Yesu alisema: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako" (Mathayo 5:23-24). Angalia, anayekumbuka ni mkosaji. Ndugu huenda hata hana habari. Tena sadaka haikukataliwa, inakaa pale pale ikimsubiri mwenyewe arudi. Kesha zako hazikupotea, dada. Ziko madhabahuni zinakungoja.

Nikupe kisa cha kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kule ambako ule mwamko wa wokovu uliotoka Gahini, Rwanda, uliingia mwaka 1935. Walokole wa zamani, yaani waliookoka katika mwamko ule, walikuwa na tabia iliyowachosha hata wachungaji wao. Mtu akiokoka, hawakumpigia makofi tu. Walimuuliza, "Kuna nini nyumbani kwako kisicho chako?" Watu walirudisha mablanketi, ng'ombe, vijiko vya misheni. Shangazi yangu aliokoka akiwa mtu mzima. Miaka mingi nyuma aliwahi kuchukua jembe la jirani lililosahauliwa mpakani mwa mashamba. Lilipotafutwa, akasema alimwona mtoto mchunga mbuzi akipita pale. Yule mtoto akapigwa. Shangazi alipookoka alinunua jembe jipya, akalipeleka kwa jirani, akaungama. Jirani akacheka, alikuwa ameshasahau. Shangazi akarudi kwenye ushirika kutoa ushuhuda, ameng'aa uso. Mama mmoja mzee akamwacha amalize, kisha akamuuliza, "Na yule mtoto?"

Mtoto alikuwa ameshakuwa mwanaume, anafanya kazi kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe. Nilikuwa na miaka minane, nikapelekwa kumsindikiza shangazi kwenye basi mpaka Kasese. Nakumbuka tulivyomkuta ametoka zamu, amekaa kwenye kizingiti anafungua kamba za buti. Shangazi alipiga magoti kwenye changarawe, akasema yote, bila kutafuta maneno. Yule bwana aliendelea na kamba zile. Mguu mmoja ukaisha, akaanza wa pili. Mwisho akasema, "Waliniita mwizi mpaka nikaona afadhali nisirudi nyumbani." Hakusema amesamehe. Hakutupa hata maji. Tukalala kwa mtu wa kanisa, kesho yake tukapanda basi. Nilimuuliza shangazi kama safari imeharibika. Akaniambia, "Sasa anajua kwamba mimi najua kwamba hakuiba." Usiku ule ndani ya basi alilala mpaka akakoroma, nikaona aibu kwa abiria. Yule bwana alikuja nyumbani kwetu miaka miwili baadaye, na mambo yao ya siku hiyo waliyazungumza wenyewe.

Nimekupa kisa kirefu kwa sababu ya ile siku ya kwanza. Shangazi alipata usingizi kabla ya kusamehewa na mtu. Alilala kwa sababu hakubaki na kitu cha kuficha.

Tahadhari moja hapa, maana ukikosea utaanguka shimo jingine. Kurudisha peke yake hakumwokoi mtu. Yuda alirudisha. Soma Mathayo 27: alijuta, akavipeleka vile vipande thelathini vya fedha hekaluni, na akaungama kwa mdomo wake, "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Kwa nini basi mwisho wake ukawa ule? Aliungama kwa watu ambao hawakujali. Wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akatoka peke yake, akayaangalia mwenyewe, yakammaliza. Petro naye alikana mara tatu, tena kwa kiapo, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Tofauti ni kwamba Petro alibaki na wenzake, na aliposikia Bwana yuko ufukweni akajitupa majini kumfuata. Akakuta nini? Yohana 21 inasema moto wa makaa, na samaki juu yake. Mtu aliyekulia kwenye sigiri anajua harufu ya makaa inavyoweza kukurudisha mahali. Bwana alimrudisha Petro kwenye harufu ile ile, akamwuliza mara tatu, mara moja kwa kila kukana, kisha akampa kazi, "Lisha kondoo zangu." Hakumwambia, "Sasa jisamehe."

Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho. Neno hili la kujisamehe limejaa siku hizi mahubirini na kwenye simu, na mimi silipendi. Mdaiwa hawezi kujifutia deni, anayefuta ni mdai. Ndiyo maana unajaribu na inashindikana, ukadhani imani yako ni ndogo. Kazi yako ni kuupokea msamaha, na kupokea kunataka mikono isiyofumbata kitu. Paulo anatenga huzuni mbili: "huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu lisilo na majuto, bali huzuni ya dunia hufanya mauti" (2 Wakorintho 7:10). Ya kwanza inakutoa nyumbani kwenda kwa mtu. Ya pili inakuzungusha chumbani.

Basi fanya hivi. Kwanza tafuta mtu mmoja wa kukusikiliza kabla hujaenda kwa kaka zako, asiye mtu wa kubeba maneno. Mchungaji wako anatosha. Wakatoliki wana kitubio chao, na siwafichi kwamba hapo huwa nawaonea wivu, lakini hata sisi Waanglikana tunacho. Kitabu cha Sala cha 1662, kwenye ibada ya kumtembelea mgonjwa, kinamtaka kasisi amwongoze mwenye dhamiri nzito aungame, kisha amtamkie maondoleo ya dhambi. Watu wetu wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba hivyo. Mwambie tu, "Nataka kuungama, kisha unisomee maondoleo." Ayasikie masikio yako kwa sauti ya mtu mwingine. Sauti yako mwenyewe umeshaizoea na huiamini.

Kisha nenda kwa kaka wa Kampala, ana kwa ana, umempigia kwamba unakuja na jambo. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na shangazi au mjomba ambaye wote mnamheshimu, lakini maneno yatoke kwako. Yawe mafupi: "Pesa mliyotuma miezi miwili ya mwisho niliila. Niliilipia deni langu. Mama alipouliza dawa, nilimwambia nyinyi ndio mmechelewa. Hamkuchelewa. Nilidanganya." Ukifika hapo nyamaza. Usitie "lakini biashara ilikuwa ngumu". Hilo "lakini" likiingia, ungamo lote linageuka kuwa utetezi. Usimwambie "nisamehe basi" huku ukimsubiri usoni. Mpe nafasi akasirike. Huenda atainuka atoke nje. Huenda atauliza kama ndiyo sababu mama alifariki, na hapo mjibu kile tulichosema: hujui, na hutajua, na kutojua huko unaishi nako.

Nilihudumu Gulu, kaskazini mwa Uganda, nikiwa kijana, na Waacholi wa huko wana desturi wanayoiita mato oput, kunywa mzizi mchungu, ya kupatanisha koo mbili pakiwa na damu kati yao. Siifananishi na Meza ya Bwana. Ila kilichonifundisha ni mpangilio wake. Kibuyu hakiletwi mpaka kweli imesemwa na fidia imekubaliwa, ndipo pande zote mbili huinama na kunywa uchungu ule ule. Makanisani mwetu tunapenda kuanza na kibuyu.

Kuhusu fidia, ulikula 400,000. Sheria ya Walawi 6 ilimtaka aliyedhulumu arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Hatuko chini ya sheria ile, na Zakayo, yule mtoza ushuru aliyetubu, kwa furaha yake alitaja mara nne, lakini kwa mtu wa kibanda kile kipimo cha tano kina busara. Ni 480,000, yaani 40,000 kwa mwezi, mwaka mmoja. Anza na ile uliyoambiwa umpelekee nabii. Huenda watasema hawataki, mama ameshakufa, pesa ya nini. Wakikataa kabisa usibishane, tafuta katika ukoo mzee mwenye presha umnunulie dawa kwa kiasi hicho hicho, na wao wajue. Huo si ununuzi wa msamaha. Msamaha ulishalipiwa msalabani kabla hujazaliwa. Hii ni mali ya watu.

Wasiposamehe je? Inawezekana, na sitakuahidi vinginevyo. Paulo mwenyewe aliweka mipaka: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote" (Warumi 12:18). Upande wako ukiisha, umeisha. Usirudi kila mwezi kuwaomba tena na tena, hapo utakuwa unawatwika wao kazi ya kukutuliza.

Na ukiona umefanya yote haya, miezi imepita, bado hulali, chakula hakipiti, au likakujia wazo kwamba watoto wangekuwa afadhali bila wewe, usiliite jaribu la shetani ukalifungia saumu. Siku hiyo hiyo mwambie mtu aliye karibu nawe asikuache peke yako, na mwende hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa, Mbale mojawapo, zina kitengo cha afya ya akili. Kuna hatia ambayo ni ya rohoni, na kuna ugonjwa unaovaa nguo za hatia. Nimewasindikiza wakristo wazuri sana kwa madaktari hao, na dawa waliyopewa haikuipunguza imani yao.

Usingoje Krismasi ati wote watakuwa nyumbani. Krismasi kuna watoto, kuna pombe za majirani, jambo litasemwa vibaya. Nenda mwezi huu. Wa Juba itabidi iwe kwa simu, lakini umpigie siku ile ile unayomwambia mwenzake ili asisikie kwa mtu, tena asikie sauti yako, si ujumbe wa kuandika. Kopo la dawa usilitupe kwanza. Nenda nalo Kampala.